Mhariri, tuache kuchoma mabua

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Kila tukishavuna mahindi huku kwetu Songea watu wanawasha moto, eti wanasafisha shamba, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka kibao halafu msimu ukianza nalia bei ya mbolea, kumbe chakula cha udongo nimekigeuza moshi kwa njiti moja ya kiberiti!

Mwaka juzi nikaacha kipande, kama robo eka hivi, mabua nikayalaza tu chini. Mvua zilipoanza nikapiga jembe pale, udongo mweusi, mlaini, minyoo kibao. Hatua tatu pembeni, kule nilikochoma mabua, jembe linagonga kama kwenye sakafu na maji yanakimbilia bondeni mekunduu.

Na wala sio utaalamu wa kuletewa na mradi. Wamatengo kule Mbinga wanalima milima mikali kwa ngolo zaidi ya miaka 100 sasa, wanafyeka nyasi, wanazipanga miraba miraba, wanafukia kwa udongo, katikati linabaki shimo la kukamata maji na udongo unaoteremka, zile nyasi zikioza maharage yanakula. Sisi majirani tunashindwa nini?

Wa mjini nao maganda ya ndizi na viazi msiyachanganye na plastiki, fukieni hapo hapo kwenye mchicha. Na wenye ng'ombe jamani, ile samadi mnayoirundika nyuma ya zizi mpaka inapauka na jua tuuzieni basi, mimi wa kwanza nakuja na mkokoteni.

Mkulima mdogo,
Songea