Usimtoe Rehema kwenye taekwondo

Shoga yangu Mama Rehema,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeketi kwenye mikeka, watoto wameshakwenda kwao. Unasema Rehema hajaona siku zake miezi minne, ukampima mimba, hana. Sasa unauliza kama mazoezi ndiyo yaliyomharibu, umtoe.

Usimtoe. Kwanza niambie anakula nini. Mwezi uliopita ulinieleza kwa furaha kwamba ameshuka kutoka kilo 55 hadi 49 ili aingie uzito wa mashindano, nikashtuka hapo hapo. Binti wa miaka 16 anakimbia alfajiri, jioni ananyanyua vyuma na kupiga mateke saa mbili nzima, kisha usiku anakunywa chai ya rangi na kulala!

Mazoezi makali hupandisha homoni kwa muda: ile ya ukuaji, testosteroni (wasichana nao wanayo, kidogo), na kortisoli inayotoka mwili ukibanwa. Akila vizuri na kulala, zinatulia na mwili unajijenga. Lakini kinachotumika kikizidi kinachoingia, wiki baada ya wiki, ubongo unafanya kama mama aliyebakiwa na kibaba kimoja cha unga: unakata kila kisicho cha lazima leo. Ujumbe unaokwenda kwenye tezi iliyo chini ya ubongo unapungua, ovari zinapunguza estrojeni, ile homoni ya kike, hedhi inakatika. Na estrojeni ndiyo mlinzi wa mifupa, katika umri huu ambao mifupa inaweka akiba ya maisha yote. Nina mwanafunzi aliyepata ufa kwenye muundi kwa kukimbia tu, hakuna aliyempiga.

Wavulana nao hawasalimiki. Wanamieleka vijana wa Marekani walipimwa, matokeo yakachapishwa 1997: katika msimu wa mashindano testosteroni yao ilishuka. Homoni ya ukuaji ilipanda, lakini homoni nyingine iitwayo IGF-1, inayopokea amri yake na kuujenga mwili, ilishuka. Ni msimamizi anayeita mafundi wasio na saruji. Msimu ulipokwisha wakala, vipimo vikarudi. Hapo ndipo ninapopata matumaini kwa Rehema.

Mimi nilipokuwa na umri wake, kocha wangu alinivalisha mfuko wa nailoni chini ya sare ili nitoke jasho, na kunitemesha mate kwenye kikombe asubuhi ya kupima uzito. Nilikaa miezi saba bila hedhi, akaniambia ndiyo dalili ya kuiva. Nilimwamini. Hakuna mtu mzima aliyeniuliza, na ndiyo maana nimefurahi sana kwamba wewe umeuliza.

Mpeleke hospitali wiki hii, umweleze daktari habari ya mazoezi na hizo kilo 6. Atapima na mambo mengine, tezi ya shingo mathalani. Usikubali apewe vidonge vya uzazi wa mpango ili damu itoke tu, kisha mkaona amepona, vinaficha tu. Asubuhi, kabla ya mbio, apate uji wa ulezi uliotiwa karanga. Akitoka mazoezini ale wali na maharage au samaki, sahani ya mtu mzima. Jumapili apumzike kabisa. Na tafadhali usimgombeze, hajakosa kitu.

Mashindano yajayo apigane kilo 55. Kocha wake akikataa, mpe namba yangu.

Wako akupendaye,
Mwanaidi