Mdogo wangu, usimnyweshe mtoto siro ya kulala ju ya ndege

Mdogo wangu,

Jana pale nyumbani nilisikia bamama wakikupangia safari ya ndege ya kwenda Brussels kupitia Addis-Abeba, mmoja akakuambia mtoto wako wa miezi 5 umpe kijiko cha siro ya mafua, ile dawa ya maji, lisaa limoja kabla ya kupanda ndege, eti atalala mpaka kwa baba yake, na wewe ukaitika kwa kichwa ju ya heshima. Nilinyamaza, wale ni wakubwa wetu na wageni walikuwa wengi. Lakini naandika hapa wazi kila mtu asome, maana hapa Lubumbashi kila mama anayesafiri na kitoto anapewa shauri hilo hilo, tena na watu wanaompenda. Nakuomba sana, usimpe.

Zile siro za kulaza watoto nyingi zina prometazini ndani, dawa ya mzio inayoleta usingizi, ao dawa nyingine za jamii yake. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, tangu 2004 iliweka onyo kali kabisa: mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 asipewe prometazini, ju inaweza kupunguza pumzi mpaka ikasimama, na kuna watoto waliokufa. Sasa wazia jambo kama hilo litokee kule juu usiku, taa zimezimwa, na wewe unajua tu amelala vizuri. Halafu kuna watoto inawageuza, hawalali hata kidogo, wanahangaika na kulia safari nzima.

Mtoto wa miezi 5 akilia mu ndege mara nyingi ni masikio. Ndani ya ndege hewa inapunguzwa, unakuwa kama uko kwenye mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400, na ndege ikianza kushuka hewa inarudi kuwa nzito na kusukuma ngozi ya sikio kwa ndani. Utaona mwenyewe, chupa ya plastiki ukiimaliza maji kule juu ukaifunga, mkitua utaikuta imejikunja. Sisi wakubwa tunameza mate, tunapiga miayo, inafunguka. Mtoto kijia chake cha kutoka puani mpaka sikioni ni chembamba bado na kimelala, na hajui ameze saa ngapi. Dawa yake ni kumeza tu, na wewe dawa hiyo unayo kifuani.

Kwa hiyo ziwa usilimalize mapema. Watu wanapenda kunyonyesha ndege ikipaa, si mbaya, lakini shida kubwa iko kwenye kushuka, na kushuka kunaanza karibu nusu saa kabla ya kutua, wewe utasikia tu sauti ya injini imepungua na sikio lako limeanza kuziba. Hapo umwamshe hata kama amelala, umpe ziwa. Na angalia njia yako: Addis-Abeba yenyewe iko juu, mita 2,300 na kidogo, kwa hiyo pale masikio hayatamsumbua sana, unaweza ukadhani mambo yamekwisha. Brussels iko chini karibu na usawa wa bahari. Njo pale pa kujitayarisha, na utakuwa umeshachoka, ju kutoka Addis ni masaa saba na zaidi.

Niliona mama mmoja wakati tunashuka Kinshasa, katoto kanalia mpaka sauti inakatika, wanaume wa mbele wanageuka geuka, mmoja akaita hostesi kama vile kuna mwizi. Yule mama anampiga piga mgongoni, jasho linamtoka, macho chini. Mama mzee wa nyuma akanyoosha mkono kati ya viti akamgusa bega, akamwambia mupe ziwa mama, mupe tu, usiwaangalie. Akatupa kikwembe begani akampa. Nilikuwa pembeni yao, nikaona kidevu cha mtoto kinapanda kinashuka, anameza kwa nguvu, chozi bado liko kwenye sikio. Kabla hatujagusa chini alikuwa amenyamaza. Wale wanaume hawakusema hata samahani, na hilo liliniuma kweli, maana kila mmoja wao alinyonya na alilia.

Wewe usione haya. Tiketi ya mtoto wa chini ya miaka 2 kwenye safari za nje kawaida inalipwa karibu asilimia 10 ya ile ya mkubwa, imelipwa, na yeye ni msafiri kama wengine.

Sasa mambo ya mkononi. Pigia simu ajansi mapema uombe berso, kile kitanda kidogo kinachofungwa kwenye ukuta wa mbele, viko vichache na vina kikomo cha uzito, usingoje mpaka ufike uwanja wa ndege wa Luano. Kikwembe beba viwili, utambeba nacho mgongoni wakati wa kungoja Addis, lakini kwenye kupaa na kutua watakuambia umtoe mgongoni umshike mapajani, watakupa mkanda wake mdogo unaopitishwa kwenye mkanda wako. Pampasi hesabu moja kwa kila masaa mawili halafu ongeza, ju ndege zinachelewa. Na nguo ya kubadilisha beba yako pia, si ya mtoto peke yake! Hewa ya mule ni kavu sana, watakuambia umnyweshe maji, hapana, OMS, shirika la afya duniani, inasema mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama tu, kwa hiyo wewe njo unywe maji mengi na yeye umpe ziwa mara nyingi. Na ile barakoa ya oksijeni ikishuka unavaa wewe kwanza, najua roho ya mama inakataa, lakini ukizimia wewe nani atamvalisha?

Kama ana mafua siku ile, pua imeziba, mpeleke kwa daktari mbele ya safari, sababu pua iliyoziba inafanya masikio yaume zaidi. Matone ya serumu ya chumvi puani yanasaidia, hayana hatari.

Makaratasi: pasipoti yake na viza yake mwenyewe, na karatasi ya ruhusa ya baba iliyosainiwa, ju mtoto akisafiri na mzazi mmoja DGM, wale wa uhamiaji, wanaweza kukuuliza. Kadi ya chanjo, ile unaendaga nayo kupima kilo, iweke kwenye sakoshi ya mkononi. Chanjo ya homa ya manjano hapa kwetu wanaitoa kwa miezi 9, yeye bado, kwa hiyo uliza kabisa kabla ya siku ile kama watataka karatasi ya daktari inayoeleza hivyo.

Yule mama wa siro nitaenda kumwona mwenyewe jumapili kisha misa, nitamweleza kwa heshima, wewe usijipe shida ya kubishana naye. Jumatatu nikuletee vikwembe, halafu twende wote farmasi kununua serumu.

Yaya wako