Ankara za wageni zisiunganishwe kwa mkono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tunaotengeneza tovuti za kampuni za utalii hapa Moshi na Arusha, pamoja na wenye kampuni wanaotulipa, kuhusu barua pepe ambazo tovuti hizo hutuma zenyewe mgeni anapomaliza kuweka nafasi ya safari.

Hivi karibuni niliitwa na kampuni moja ambayo wageni wake wa kupanda Mlima Kilimanjaro walilalamika kwamba, badala ya ankara, walipokea kurasa za herufi na tarakimu zisizosomeka. Mwenye kampuni alikwisha kuamini kwamba ameingiliwa na wezi wa mtandaoni. Nilipoufungua msimbo wa tovuti, ulioandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, nikakuta kosa dogo mno: aliyeuandika alikuwa ameiunganisha barua kipande kwa kipande, na mstari mmoja mtupu ukakaa mahali pasipo pake.

Katika barua pepe, mstari mtupu wa kwanza ndio unaotenganisha vichwa vya barua (mistari ya mwanzo inayoieleza kompyuta barua ni ya nani na ya aina gani) na yaliyomo. Ukitangulia kabla ya kichwa kinachotangaza aina ya barua, vyote vinavyofuata huhesabiwa kuwa maandishi ya kawaida, hata kiambatisho. Utaratibu huu wa barua moja kubeba maandishi yaliyopambwa pamoja na faili unaitwa MIME, nao ulitolewa mwaka 1992 na Nathaniel Borenstein na Ned Freed. Kila sehemu hutanguliwa na alama ya mpaka yenye vistari viwili mwanzoni, na alama ya kufungia huongezewa vistari viwili vingine mwishoni. Faili hugeuzwa kuwa herufi kwa mfumo wa base64, ambapo kila baiti tatu huwa herufi nne. Hizo ndizo walizokuwa wakizisoma wageni wale.

Kazi hii ya kuunganisha barua imekwisha kufanywa vizuri na maktaba, yaani misimbo iliyoandikwa tayari, kama PHPMailer, inayopatikana bure, mradi iwe inasasishwa, kwa kuwa mwaka 2016 iligundulika kuwa na tundu kubwa la kiusalama, ambalo lilizibwa. Najua wapo watakaosema kwamba fundi hujifunza kwa kuunda mwenyewe. Ni kweli, lakini ajifunzie kwenye barua zake, si kwenye ankara ya mtu aliyekwisha kukata tiketi ya ndege.

Jambo jingine ni kwamba jibu la ndiyo kutoka katika amri ya mail() ya PHP lina maana tu kwamba seva imepokea barua ili iisafirishe, wala si kwamba imemfikia mgeni. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti ya kuthibitisha mtumaji, hivyo jina la tovuti lisilo na rekodi za SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo) na DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) huenda barua zake zikaishia kwenye taka, au zikakataliwa kabisa.

Kwa wenye kampuni, ombi langu ni moja: kabla hamjamlipa fundi malipo ya mwisho, wekeni nafasi ya safari ya majaribio kwa anwani zenu wenyewe, kisha mfungue ankara hiyo kwenye simu na kwenye kompyuta.

Wako,
Mtengeneza tovuti,
Majengo, Moshi