Zuhura, nichoree Ngamiani usiku

Lyon, Ufaransa
Jumapili jioni

Mpendwa mdogo wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi mzima, kazi zinakwenda. Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie pesa ya bati nitaituma mwisho wa mwezi.

Ulisema kwenye simu umeacha kuchora mtaa wetu wa Ngamiani kwa kuwa hauna cha ajabu. Neno hilo limenikaa moyoni wiki nzima, ndiyo maana nakuandikia.

Maktaba ya hapa nimeazima mfululizo wa katuni uitwao Aya de Yopougon. Mtunzi ni Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, Ivory Coast, aliyehamia Ufaransa akiwa na miaka 12. Mchoraji ni Clément Oubrerie. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2005, na mwaka uliofuata kikapata tuzo kwenye tamasha la katuni la Angoulême.

Yopougon ni mtaa wa Abidjan, na mwaka ni 1978. Aya ana miaka 19, anataka kusomea udaktari. Baba yake, mfanyakazi wa kampuni ya bia, anaona afadhali aolewe na mtoto wa bosi. Rafiki zake, Adjoua na Bintou, akili yao iko kwenye muziki na wavulana. Basi, ndiyo hadithi yenyewe! Hakuna vita wala njaa, mambo ambayo huku ndiyo ninayoulizwa kila nikisema natoka Afrika. Kuna majirani, siri na mimba.

Sasa sikia Oubrerie alivyochora. Mchana ameupaka manjano na rangi ya udongo, mpaka unalihisi jua utosini. Usiku vijana hukutana sokoni gizani, kwenye meza tupu za wauzaji, mahali wanapopaita Hoteli ya Nyota Elfu. Hapo ukurasa unageuka buluu nzito na watu wanakaribia kuwa vivuli. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Giza lile linafanya kazi, Zuhura: linawaficha vijana wasionwe na wazazi, na wewe msomaji unafichwa mambo pamoja na hao wazazi. Mtoto anapokuja kuzaliwa, unamtazama usoni, kisha unaanza kufunua kurasa za nyuma kutafuta sura anayofanana nayo. Sikwambii ni ya nani.

Kuna kurasa ambazo maneno yamejaa mno, viputo vinakula picha. Hapo ningependa wangemwachia mchoraji peke yake.

Nimekununulia kitabu cha kwanza. Jirani yangu anakuja Tanga mwezi ujao, atakuletea. Kwa kuwa ni Kifaransa, nimeandika Kiswahili kwa penseli kwenye vikaratasi, ukurasa kwa ukurasa. Lakini mara ya kwanza usivisome. Tazama picha tu mpaka mwisho, uone utaelewa mangapi. Kurasa za mwisho mpe Mama: wameonyesha namna wanavyofunga vitenge na wanavyotengeneza juisi ya tangawizi.

Halafu nichoree Ngamiani saa tatu usiku: muuza mishikaki, moshi wake, wanawake barazani, na yule kijana anayejifanya kupita njia wakati amemfuata mtu. Rangi ya giza la kwetu uchague mwenyewe. Ukimaliza, piga picha unitumie siku hiyohiyo.

Ndimi kaka yako,
Salim