Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Madini Adimu na Mawe Tuliyonayo Mikononi

Ndugu wanachama, wazee wetu wa machimboni, akina mama wa krasha, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu,

Nawasalimu na kuwashukuru kwa kufika. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tumekwisha kuwaombea kabla ya kufungua mkutano. Hesabu atazisoma Mhazini. Nimezipitia na nimeridhika nazo. Ada zinaingia kwa kusuasua, na hilo lina ajenda yake. Muda wangu karibu wote nitautumia kwa jambo moja, maana ndilo lililotushughulisha tangu Januari: madini adimu.

Mwaka ulipoanza, simu zilikuwa haziishi. Kila aliyeokota jiwe jeusi zito aliamini amepata neodimiamu, mojawapo ya madini hayo. Madalali wakapita vijijini na sumaku mfukoni. Jiwe likinasa, wanatangaza kuwa hayo ndiyo madini ya sumaku yanayotafutwa dunia nzima, na bei inatajwa papo hapo. Wapo wanachama waliouza viroba vya mchanga mweusi kwa bei ya kutupa. Wapo waliolipishwa ada ya kupimiwa na mtu ambaye hakuonekana tena. Niliumia sana kusikia habari hizo, kwa sababu fedha iliyopotea ilikuwa ya karo na ya mbolea.

Kwa hiyo nalisema hili mbele ya mkutano ili liingie kwenye kumbukumbu: jiwe kunasa sumaku si uthibitisho wa madini adimu. Kinachonasa mara nyingi ni magnetaiti, ambayo ni mbale ya chuma, yaani mawe yanayotolewa chuma. Neodimiamu huwa sumaku kali baada ya kusafishwa na kuyeyushwa pamoja na chuma na boroni kiwandani. Ikiwa bado ndani ya mwamba imefungwa katika madini kama bastnasaiti au monazaiti, na sumaku ya mfukoni haitaishika. Dalali anayepima kwa sumaku anachagua yale mawe ambayo yana uwezekano mdogo zaidi wa kuwa kile anachokitaja.

Sasa madini yenyewe ni yapi, na yanatafutwa kwa nini? Ni metali 17: lanthanamu na ndugu zake 14 wanaofuatana katika jedwali la elementi, pamoja na skandiamu na itriamu. Nyingi hazikosekani ardhini. Seriamu, kwa mfano, imo katika ganda la dunia kwa wingi unaokaribiana na ule wa shaba. Tatizo ni kwamba zimetawanyika, na ni mahali pachache zimekusanyika kiasi cha kuchimbika kwa faida.

Wazee mliosoma kwa mwanga wa karabai mmeshazitumia bila kujua. Kile kitambaa cheupe kinachong'aa ndani ya kioo kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria, na kilitengenezwa kwa oksidi ya thoriamu yenye seriamu kidogo. Ni huyo huyo aliyetenganisha neodimiamu na praseodimiamu mwaka 1885, na aloyi yake, yaani mchanganyiko, ya seriamu na chuma ndiyo asili ya kijiwe kinachotoa cheche kwenye kiberiti cha gesi. Miaka ya 1960 europiamu ikaleta rangi nyekundu kwenye televisheni. Lanthanamu husaidia kuchakata mafuta ghafi viwandani, seriamu hung'arisha vioo na kusafisha moshi wa magari, gadoliniamu hudungwa kwa mgonjwa ili picha za MRI, zile za ndani ya mwili, zionekane vizuri.

Lakini fedha kubwa leo iko kwenye sumaku. Mwaka 1982 Masato Sagawa nchini Japani na John Croat wa kampuni ya General Motors huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, waligundua sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni. Hakuna sumaku ya kudumu inayouzwa sokoni yenye nguvu kuizidi kwa uzito ule ule. Imo kwenye spika ya simu, kwenye mota ya gari la umeme, na kwenye mitambo mikubwa ya upepo, ambako mtambo mmoja hubeba sumaku za mamia ya kilo. Ikipata joto hulegea, ndiyo maana huongezewa disprosiamu au terbiamu kidogo. Hizo mbili ni za kundi la madini adimu yaitwayo mazito, hupatikana kwa uchache zaidi, na bei yake ni kubwa kuliko ya neodimiamu.

Katika mafunzo tuliyoandaa mwaka huu, mjiolojia mstaafu aliyetufundisha alianza na Ol Doinyo Lengai. Nadhani alifanya vyema. Lengai ndiyo volkano pekee duniani iliyo hai na inayotoa lava ya kabonataiti, mwamba wa moto wenye kaboneti nyingi badala ya silika. Mlima wenyewe si mgodi, lakini miamba ya aina hiyo iliyopoa zamani za kale ndiyo inayobeba amana nyingi kubwa za madini adimu. Bonde la Ufa limetuachia mingi. Mlima Panda karibu na Mbeya ni kabonataiti inayojulikana kwa niobiamu, metali isiyo ya kundi hili la madini adimu. Wigu, mkoani Morogoro, na Ngualla, mkoani Songwe, zina madini adimu.

Watafiti hupataje mwamba wa namna hiyo uliofunikwa na udongo na miombo? Hatua ya kwanza hufanyika angani. Madini adimu mara nyingi huambatana na thoriamu, nayo hutoa mionzi ya gama inayopimika kutoka kwenye ndege. Mgodi wa Mountain Pass huko California uligunduliwa mwaka 1949 na watu waliokuwa wakisaka urani kwa kipimo cha mionzi. Walichokikuta ni bastnasaiti. Ramani za sumaku na mionzi zikionyesha duara lisilo la kawaida, watafiti hushuka ardhini, huchukua udongo kwa mistari iliyopangwa, huchimba mitaro, kisha huchoronga. Sampuli huenda maabara kupimwa elementi moja moja. Kile kipimo cha mkononi chenye umbo la bastola, ambacho baadhi yenu mmeonyeshwa, kinaweza kuashiria lanthanamu na seriamu zikiwa nyingi. Kwa disprosiamu na terbiamu msikitegemee, hasa kwenye udongo wenye chuma kingi kama wetu, kwa sababu alama zake huchanganyika na za chuma na manganizi.

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iko Dodoma na ina maabara na ramani. Tulikusanya mawe ya wanachama, tukayaandika kwa namba na mahali yalipotoka, tukayapeleka maabara kwa gharama ya chama. Majibu mmeyaona ubaoni. Mengi ni magnetaiti na ilmenaiti, mbale ya chuma na titani. Machache yana lanthanamu na seriamu kwa kiwango kisichotosha kuchimbwa. Najua si habari mliyokuwa mkiingojea. Hata hivyo nawaomba mpime: gharama ya vipimo vile ni ndogo kuliko fedha iliyochukuliwa na wale wapita njia, na safari hii kila mwanachama ana karatasi inayomwambia jiwe lake ni nini.

Nije kwenye sehemu inayonikosesha usingizi. Tuseme mmoja wetu amepata amana ya kweli. Atamuuzia nani, na kwa kipimo gani? Dhahabu ukiisafisha unaipeleka soko la madini, inapimwa, unalipwa kwa bei ya siku. Madini adimu hayana njia hiyo. Mbale husagwa, huelea kwenye kemikali ili kupata mkusanyiko, yaani unga wenye madini mengi zaidi, huvunjwa kwa asidi, halafu ndipo kazi ngumu huanza: kuzitenga metali zenyewe. Kikemia zinafanana mno, atomu zake zimepishana ukubwa kidogo sana, na kutenga neodimiamu na praseodimiamu ni kama kuchambua mchele katika mchele. Viwanda hupitisha myeyuko kwenye mamia ya matangi mfululizo, kila tangi likisogeza tofauti kidogo, mpaka upande mmoja utoke karibu safi.

Kazi hiyo kwa sehemu kubwa inafanyika China, takribani asilimia 90 ya utenganishaji wote duniani. Uzito wa jambo hilo ulionekana mwaka 2010, China ilipobana mauzo ya nje wakati wa mgogoro wake na Japani; mwaka uliofuata bei zikapaa. Umeonekana tena tarehe 4 Aprili mwaka huu, ilipoweka masharti ya vibali kwa metali saba zikiwamo disprosiamu na terbiamu, na viwanda vya magari katika mabara mengine vikaanza kuhangaika. Mwenye mwamba asiye na kiwanda anauza kwa bei anayopangiwa na mwenye kiwanda. Ndiyo maana nasema kila ninapopata nafasi: kabla hatujauliza bei, tujue kilichomo ndani ya jiwe na nani anaweza kukitoa.

Tazameni Ngualla. Amana ile ilitangazwa mwaka 2010 na kampuni ya Peak ya Australia. Akiba yake ni tani milioni 18.5 za mwamba wenye asilimia 4.8 ya oksidi za madini adimu. Katika tani nzima ya mwamba, basi, ni kilo 48 tu, na neodimiamu na praseodimiamu kwa pamoja ni takribani moja ya tano ya hizo. Na hiyo ni miongoni mwa amana nzuri duniani, yenye urani na thoriamu kidogo pia! Leseni kubwa ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2023 kwa kampuni ya Mamba Minerals, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16 zisizopunguzwa. Imepita zaidi ya miaka kumi tangu ugunduzi hadi leseni. Kwa muda Peak ilikusudia kujenga kiwanda cha kutenganisha Uingereza. Baadaye ikaingia mkataba wa kuiuzia mkusanyiko kampuni ya Shenghe ya China, na mwaka huu Shenghe imetoa dau la kuinunua Peak yote. Siwalaumu wanaofanya biashara. Nasema mwelekeo wa mzigo unafuata kiwanda kilipo, na sisi wa Songwe na Mbeya tunapaswa kuliongea hilo kwa sauti mbele ya wawakilishi wetu.

Majirani nao wana ya kutufunza. Gakara, Burundi, ilianza uzalishaji mwaka 2017 ikiwa na mishipa ya mbale yenye kiwango cha juu ajabu. Mwaka 2021 serikali ilisimamisha mauzo, kisha uchimbaji, ikilalamikia manufaa iliyokuwa ikipata. Mrima, Kwale, nchini Kenya, ni msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu, wa Wadigo na pia ni kabonataiti. Kampuni iliyokuwa na leseni pale ilifutiwa mwaka 2013, ikaishtaki Kenya, na mwaka 2018 baraza la usuluhishi likaitupa kesi kwa kuwa leseni ilipatikana bila kutimiza matakwa ya sheria, ya mazingira yakiwamo. Makuutu ya Uganda ni udongo wa mfinyanzi unaoshikilia metali hizi, aina inayofanana na ile ya kusini mwa China, ambako maji ya chumvi za amonia yaliyotumika kuosha udongo yaliharibu mito na mashamba kwa miaka mingi.

Hilo linanileta kwenye afya zetu. Monazaiti huwa na thoriamu, na thoriamu ina mionzi. Jiwe moja juu ya meza si hatari kubwa. Vumbi lake ndani ya mapafu, siku baada ya siku, ni hatari. Nimekuta viroba vya mbale vimewekwa chumba cha kulala watoto. Tafadhali viondoeni leo. Asisage mtu jiwe asilolijua ndani ya nyumba au karibu na jiko, na mwenye shaka aje ofisini tuwasiliane na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ndiyo yenye dhamana ya masuala ya mionzi. Akina mama wa krasha ndio wanaomeza vumbi kuliko sote, na barakoa zinazofaa ziwekwe kwenye bajeti kabla ya kitu kingine.

Kamati Tendaji inaleta hoja tatu. Ya kwanza, daftari la sampuli liwe la kudumu, na chama kiendelee kulipia nusu ya gharama ya maabara kwa kila mwanachama aliyelipa ada. Ya pili, asisaini mwanachama mkataba wowote wa eneo lake la leseni ndogo kabla haujasomwa na mwanasheria wa chama. Lugha ya mkataba iwe ile anayoielewa mwenye leseni. Ya tatu, tuandike barua kwa Ofisa Madini Mkazi kuomba vijana wetu wapewe nafasi ya mafunzo kwenye vikosi vya utafiti vinavyoendesha mpango wa Serikali wa kupima nchi kwa ndege kuelekea 2030. Kijana anayejua kusoma ramani ya mionzi ataajirika hata kama kijijini kwake hakuna gramu moja ya neodimiamu.

Hoja ya pili najua ina wapinzani, hasa miongoni mwa wenye wabia tayari. Nimeomba ijadiliwe kwanza, kabla ya chakula, na kura iwe ya siri. Katibu ana karatasi.