Viwango vya kazi hatukubebeshwa na wazungu, walitunyima

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu ndugu aliyeandika katika gazeti lako juma lililopita kwamba kikomo cha saa za kazi, siku ya mapumziko na haki ya kujiunga na chama ni mizigo tuliyobebeshwa na wazungu wa Geneva, yaliko makao ya Shirika la Kazi Duniani, na kwamba ndiyo inayowakimbiza wawekezaji hapa Mombasa. Mimi ni karani mstaafu wa bandari ya Kilindini. Hoja hiyo nimeisikia tangu ujana wangu, na sijawahi kuisikia kwa mtu aliyebeba gunia.

Hofu ya wawekezaji anaiona mpya, lakini ina umri mkubwa kuliko bandari yetu. Wenye viwanda wa Ulaya katika karne ya 19 walikuwa wakiisema kila siku: nikimpunguzia mfanyakazi saa, jirani asiyepunguza atauza bei ya chini na mimi nitafunga. Daniel Legrand, mwenye kiwanda kule Alsace, Ufaransa, hakukataa kwamba hofu hiyo ina msingi. Alichofanya ni kuziandikia serikali barua mwaka baada ya mwaka, akizitaka zikubaliane sheria moja ili asiwepo wa kumponza mwenzake. Hawakumsikiliza. Alifariki 1859 bila kuona mkataba hata mmoja.

Mfano mzuri ni kiberiti. Viberiti vya zamani vilitengenezwa kwa fosforasi nyeupe, na mvuke wake uliwaozesha taya wafanyakazi, wengi wao wanawake na wasichana. Meno yalianza kung'oka, kisha mfupa wenyewe ukafa. Madhara yalijulikana, na njia salama zaidi zilikuwepo, ila zilikuwa ghali kidogo. Kwa tofauti hiyo ndogo ya bei, nchi nyingi ziliendelea kuangaliana kwa miongo kadhaa. Ni mwaka 1906, kule Bern, ndipo baadhi ya serikali zilipotia saini kwa pamoja kwamba viberiti hivyo havitatengenezwa, havitaingizwa wala kuuzwa kwao. Kwa hiyo viwango vya kimataifa vilizaliwa na biashara yenyewe, ilipochoka kushindana kwa taya za wasichana.

Vita Vikuu vya kwanza vilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaunda Shirika la Kazi Duniani, ILO, ambamo serikali, waajiri na wafanyakazi hukaa meza moja na kila upande una kura zake. Mkutano wa kwanza ulifunguliwa Washington tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, na mkataba wake Namba 1 ukaweka saa 8 kwa siku na 48 kwa juma viwandani. Uingereza, kwa taarifa ya ndugu yetu, haijauidhinisha mkataba huo mpaka leo.

Sasa njooni huku kwetu. Siku chache kabla mkutano ule haujafunguliwa, Gavana Edward Northey wa Kenya alitoa waraka akiwataka maofisa wake, pamoja na machifu na wazee, wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Aliyepata kuhimizwa na chifu anajua kuhimizwa huko kulivyokuwa. Kelele zilipigwa hadi London, na mwaka 1921 serikali ya Uingereza ikabidi iwakataze maofisa kuwatafutia walowezi vibarua kwa shuruti. Lakini kipande, kile kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, kilibaki shingoni, na kibarua aliyemtoroka mwajiri aliweza kufungwa jela kama mwizi.

Je, mikataba ya Washington haikutuhusu? Ndani ya Mkataba wa Versailles kulikuwa na kifungu cha 421, kilichoruhusu makoloni yasitekeleze mkataba wa kazi pale hali ya mahali isiporuhusu, au yautekeleze baada ya kuurekebisha. Na nani aliyepima hiyo hali ya mahali? Mkoloni mwenyewe. Baadaye ILO ilitunga mikataba maalumu ya watu wa makoloni: wa 1930 kuhusu kazi ya kulazimishwa, wa 1939 kuhusu hizo adhabu za jela kwa mtoro. Hata huu wa 1939 ulizungumza juu ya kuziondoa polepole. Kwa hiyo mtu akiniambia mzungu alituletea viwango vya kazi, mimi namwambia alivifungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni.

Waliokwenda kuufuata ufunguo ni watu wa mji huu. Makuli waligoma 1934, wafanyakazi wakagoma tena 1939, na tarehe 13 Januari 1947 ukaja mgomo mkubwa. Watu wapatao 15,000 waliweka kazi chini kwa siku kumi na mbili: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata wapishi na maboi wa majumbani. Walitaka mshahara wa kumlisha mtu na wanawe, nyumba za kukaa, na malipo sawa kwa kazi sawa bila kutazamwa rangi. Eliud Mathu, mjumbe Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kusuluhisha, baraza la usuluhishi likaundwa, na baadhi ya mishahara ikapanda.

Ndugu yetu azitazame tarehe zinazofuata, maana hizi hazifundishwi. Julai 1947, Geneva ilipitisha mkataba Namba 84, wa haki ya watu wa makoloni kuunda vyama. Agosti 1947, Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi lililotokana na mgomo ule, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Kabarnet, ambako alikaa miaka mingi. Haki iliandikwa, na mwezi uliofuata aliyeitumia akaondolewa mjini.

Sisemi Geneva haina maana. Nilipokuwa gatini, jambo la kwanza tuliloangalia kwenye kreti kubwa ni uzito uliopigwa rangi ubavuni, kwa sababu aliye juu kwenye winchi hana macho ya kupima tani. Alama hiyo ni ya mkataba wa 1929: kila mzigo wa kilo 1,000 au zaidi unaosafirishwa kwa meli uandikwe uzito kabla ya kupakiwa. Rangi kidogo tu, na imeokoa makuli wengi wasijue nani wa kumshukuru. Hali kadhalika mkataba wa mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuidhinisha 2014. Meli ikiingia Kilindini inaweza kukaguliwa hata kama inapeperusha bendera ya nchi isiyoidhinisha, ili asiyetia saini asipate nafuu kuliko aliyetia. Angekuwa hai, Legrand angefurahi.

Na mzigo wenyewe tunaolalamikia ni mzito kiasi gani? Agizo la jumla la mishahara hapa Kenya linaruhusu saa 52 kwa juma, na 60 kwa kazi ya usiku, yaani bado hatujafika zile 48 za mwaka 1919. Mlinzi wa geti la jirani zangu huingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita kwa juma. Hizo ni saa 72. Nilimuuliza kama analipwa ovataimu, akacheka, akaniuliza kama nina mahali pa kuchajia simu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku moja ya mapumziko katika kila saba na likizo ya siku 21 kwa mwaka. Ya kwanza anaipata, ya pili hakuwahi kuisikia.

Ombi langu kwako, Bwana Mhariri, ni kwamba agizo jipya la mishahara likitoka, ulichapishe kwa Kiswahili chepesi, saa pamoja na viwango vya malipo, ukurasa ambao soja kama mlinzi huyo anaweza kuukata na kuutia mfukoni. Na huyo ndugu yetu atuambie waziwazi angetaka tuanze kufuta kipi: saa, siku ya mapumziko au chama. Akishataja, nitamwandikia tena.

Karani mstaafu,
Majengo, Mombasa