Dada, ya kule pangoni bado yamenikaa

Shikamoo dada. Najua huwa unapita huku kimya kimya, unasoma, unaondoka, ndo maana naandika huku. Wasap ukiona jina langu unafungua baada ya wiki alafu unanijibu na kidole gumba.

Tangu zile picha watu hawaniachi, kila siku Rapa Nui Rapa Nui, kile Kisiwa cha Pasaka, mnafikaje, mapango yakoje, mtu mwenye mwili anapita au anakwama. Nikasema ngoja niwajibu wote kwa mpigo na wewe humo humo, maana nimejaribu kusimulia yale mapango bila kukutaja nimeshindwa.

Haya, safari kwanza. Kisiwa kiko mbali jamani, asikudanganye mtu. Ni cha Chile tangu 1888 lakini toka Santiago ni zaidi ya kilomita 3,500 za bahari tupu, masaa matano na ushee angani na chini huoni hata mtumbwi. Na huingii hivi hivi, kuna fomu ya kujaza kabla, tiketi ya kurudi waione, mahali pa kulala pawe pamesajiliwa, na mgeni mwisho siku 30 arudi alikotoka. Yote ulinifanyia wewe, sikatai. Fomu ulijaza wewe, pesa ulitoa wewe, mpaka sweta ulinivulia lako mwenyewe ulivyoona natetemeka Santiago. Hakuna mtu kwenye ukoo huu atasema mbele yangu kwamba una mkono wa birika nikanyamaza.

Na ile siku ya pango la Ana Te Pahu tulikuwa vizuri. Kwa wasiojua, upande ule wanauita Roiho, ni uwanja wa mawe meusi yaliyomwagwa na volkano zamani hizo, na mapango yenyewe ni njia ulimopita huo moto. Lava nyepesi ikishuka inaanza kupoa juu, inafanya utando kama uji uliosahaulika mezani, ule utando unakuwa jiwe, huku chini yake mto wa moto unaendelea kwenda zake. Volkano ikikatika na mto unaisha, linabaki bomba tupu. Ukutani unaona kabisa mistari ilipofika lava ikashuka, ikashuka tena. Kuna sehemu dari limeporomoka, na pale lilipoporomoka ndo pazuri, kwa sababu upepo wa kile kisiwa hauna adabu, lakini mle shimoni haufiki, na unyevu upo, basi wenyeji toka enzi wanapanda migomba humo, magimbi, viazi vitamu. Kisiwa hakina mto hata mmoja wa maana, mvua ikinyesha ardhi inameza yote, kwa hiyo pango lilikuwa nyumba, lilikuwa shamba na maji yalikuwa humo.

Unaukumbuka ule mgomba wa kwanza. Tumesimama juu tunaona majani tu yanachungulia usawa wa miguu yetu, shina lote liko chini shimoni. Ukaniambia Bibi angeuona huu angeomba chipukizi, na angefunga kwenye kanga na uwanja wa ndege wangemkamata. Tulicheka mpaka yule kijana mwongozaji akacheka na yeye bila kujua tunacheka nini. Nikajua basi, yameisha, tumepona.

Kumbe ulikuwa unanisubiri kwenye pango la pili, Ana Kakenga.

Mlango wake nyie hamuwezi kujua kama ni mlango, ni tundu katikati ya mawe, ukipita peke yako unapitiliza. (Peke yako hupiti, maeneo mengi ya hifadhi siku hizi lazima muwe na mwongozaji mwenyeji aliyesajiliwa.) Kijana akaeleza kwa Kispanyola na wewe ukanitafsiria, kwamba zamani wakati wa vita vya koo watu walikuwa wanayabana makusudi malango ya mapango kwa mawe, ili adui akija aingie mmoja mmoja tena ameinama, kichwa mbele. Akaeleza na ya 1862, meli zilivyotoka Peru zikazoa watu zaidi ya elfu kuwapeleka utumwani, na wachache waliorudishwa wakarudi na ndui, na mwaka 1877 walipohesabiwa kisiwa kizima walibaki watu 111. Kuna waliojificha mapangoni wakasalimika na zile meli. Hapo kwenye 111 sauti yako ilikata, machozi yakakutoka, nikakupa mtandio ujifute. Sikusema kitu. Ila moyoni nilisema, dada analia watu wa 1862, na Bibi bado hajamlilia mbele yangu.

Tukaingia. Ile njia ni ya kuchuchumaa, mara unatambaa, na lile jiwe halina urafiki na magoti. Wewe ulikuwa mbele na tochi, mi nimepewa mwanga wa simu yenye chaji ya kuomba. Katikati kijana akasema tuzime taa zote tuone giza lenyewe likoje. Tukazima. Unafungua macho, unafumba, ni kitu kile kile. Mbali kabisa bahari inagonga, huisikii vizuri, unaihisi kwenye jiwe ulilolishika. Na hapo hapo dada, kwa Kiswahili safi ili kijana asielewe, ukasema: "Ningemzika Bibi kama ungenipigia mapema."

Basi. Hukuongeza kitu. Nimefungua mdomo nikujibu kijana akawasha tochi, akasema jambo, ukamjibu, mkacheka. Mlichekea nini mpaka leo hukunitafsiria.

Alafu tukatokea kule mwisho. Pango linagawanyika mara mbili, kila upande una dirisha lake kwenye jabali, chini yako ni hewa na Pasifiki inachemka, jua linakupiga usoni mpaka unaona nyota. Nimesimama nimeshika ukuta, moyo unanienda mbio, we umeshakaa dirishani unaniambia nipige picha, hapana rudi nyuma kidogo, chukua na bahari. Nikakupiga. Ndo ile uliyoweka profaili. Watu wameijaza mioyo.

Sasa nikujibu, maana kule sikupewa nafasi. Bibi alikata roho baada ya adhana ya alfajiri. Kwako huko ilikuwa usiku, ndo unaingia kulala. Alizikwa siku ile ile baada ya alasiri, unajua sisi maiti hatumlazi. Toka Santiago mpaka nyumbani ni zaidi ya siku nzima hata kama ndege zote zikikungoja mlangoni na injini inaunguruma. Piga hesabu mwenyewe, we ndo ulikuwa unanifundisha hesabu. Hata ningekupigia pumzi ya mwisho bado haijatoka ungekuta udongo umeshakauka.

Na la pili. Baba Mkubwa ndiye aliyesema asipigiwe. Alisema mbele za watu, Shangazi alikuwepo, muulize. Mtu yuko nchi ya watu, usiku, peke yake chumbani, haambiwi msiba kwa simu, kwanza atafutwe mtu wa kukaa naye ndo aambiwe. Ndivyo tulivyokuta, na wewe mwenyewe mumewe Shangazi alipofariki ulisema vile vile, tena wewe ndo ulimficha binti yake mpaka mtihani ukaisha, mbona ile ilikuwa busara? Simu nilikuwa nayo ndio, mkononi kutwa, sanda, jeneza la msikitini, maturubai, mtu wa sufuria, wote wananipigia mimi. Ningekupigia niseme nini na wakubwa wamekataza? Na aliyekimbilia kuweka innalillahi kwenye grupu la familia kabla hujaambiwa unamjua, na yeye mnaongea vizuri tu, mnatumiana mpaka mapishi.

Kwa hiyo mnaokwenda Ana Kakenga nawapa ushauri wa bure. Vaeni suruali nzito. Kofia ngumu mkipewa msione aibu, dari halina huruma. Kila mtu awe na tochi yake, narudia, yake, usikubali kutegemea ya mtu hata kama ni ndugu yako wa kufa na kuzikana. Wa mbele amwangalie wa nyuma. Na kama una neno na mtu mwambie huko juu nje, pale Ahu Akivi kwa mfano kuna masanamu saba yamesimama yanaangalia upande wa bahari, nafasi kibao, hewa tele, mtu akitaka kukujibu anakujibu na sura yake unaiona. Mimi ningefanya hivyo. Mimi sijawahi kumwambia mtu neno kubwa mahali ambapo hawezi kusimama wima.

Mguu wako unaendeleaje? Shangazi kasema bado unachechemea ukishuka ngazi. Tumia ile dawa ya kuchua niliyokuachia, usiweke tu kabatini, na usivae vile viatu.

Hitima ya Bibi ni Shaabani, inshaallah. Chumba chako kimepakwa rangi, mi ndo nimesimamia, nimechagua ile ya kijani uliyokuwa unataka toka tuko wadogo. Juzi Baba Mkubwa kaniita akasema mwanangu safari hii mpigie dada yako mapema asije akalalamika. Nimemwambia sipigi. Namba yako anayo, apige mwenyewe.